Shilingi Kwenye Pindo

Nimeikuta leo nikifumua begi lililochanika,
imeshikamana na uzi na punje za mchanga:
shilingi ya zamani, uso umekwaruzwa,
yeye yule, anatazama pembeni
kama mtu aliyeitwa jina asigeuke.

Nje ni Ibra, saa nane mchana, mwezi wa saba.
Jua limekaa ukutani kama mdai.
Maji ya falaji yanapita nyuma ya nyumba kwa zamu,
kila shamba na saa yake.

Mimi nilimchukia mapema.
Darasa la tatu, picha yake juu ya ubao,
na chini ya picha tukachapwa
kwa kuchelewa shamba la shule.
Mama alipanga foleni ya sukari tangu alfajiri
akarudi na kiberiti kimoja.
Baba alisubiri redio ipande sauti ndipo aseme:
"Katuhamisha kwenye makaburi ya wazee wetu,
katupanga mistari kama vibuyu gulioni,
halafu anatuita ndugu."
Neno hilo nikaliweka,
kama mtoto anavyoweka jiwe la kurushia.

Alipokufa nilikuwa nauza mitumba.
Nilifunga meza kwa kuwa wenzangu walifunga.
Sikulia. Nilihesabu hasara ya siku.

Sasa namuogesha Bi Thuraya, mzaliwa wa Tabora,
aliyesahau majina ya wajukuu
lakini hajasahau kisamvu.
Yeye naye ana lake:
nyumba ya baba yake, ghorofa moja,
mkomamanga uani,
na karatasi ya serikali iliyobandikwa mlangoni.
"Simsamehe," huniambia kila nikimfunga vifungo,
kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu.

Miaka kumi na minne niko hapa.
Ijumaa tunakutana nyuma ya soko la mboga:
fundi viyoyozi, dereva wa boza la maji,
msusi, wapishi wawili wasioelewana chumvi.
Kabila tunaulizana tukitaka kutaniana tu:
"Nyie si ndio mliokimbia vita mkaacha chungu jikoni?"
Tunacheka, chai inapoa.

Kisha Mwakalobo akaanguka kutoka paa la ghala.

Daftari la mchango ninalo mimi.
Riali mia tisa na kumi, na baisa za mtoto wa msusi.
Nilisoma majina usiku ule, nikayarudia:
makabila kumi na moja, misikiti na makanisa,
na hakuna hata mmoja aliyeniuliza
marehemu alikuwa wa wapi.
Nikampigia mama yake, Rungwe, mvua ikisikika batini.
"Wewe nani, mwanangu?"
Nikasema, "Mimi ndugu yake."
Hakuuliza ndugu wa tumbo lipi.
Alilia tu, akaniuliza kama nimekula.

Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi.
Neno lile. Jiwe langu.
Nililibeba miaka yote hiyo nikitafuta pa kulirusha,
kumbe nimelikalia kama kigoda.

Sikuja kukusifu, mzee.
Makaburi bado nayadai. Sukari bado naidai.
Baba amekufa hajakusalimia.
Ila wakati ule nilikuwa mfupi,
nikikutazama kutoka chini, shingo ikiuma,
nikaona pua na kidevu.
Ilibidi niwe mbali hivi, na miwani,
kuona ulikuwa unatazama nini.

Jana nimeipeleka dukani kwa wabadili fedha.
Kijana akaigeuza mara mbili, akanirudishia kwa adabu:
"Mama, hii haina bei."

Bi Thuraya ameiomba.
Ameipapasa kwa kidole gumba, ameisogeza dirishani,
nikangoja tusi.
"Kazeeka," amesema. "Maskini. Kama mimi."
Akafumba kiganja.

Begi liko magotini, sindano ina uzi.
Pindo liko wazi, linasubiri.
Shilingi anayo yeye, naye amelala,
na mkono wake siufungui.